Mafuta ni ya Kupanda

Mbinga, 21 Mei 1995

Dada yangu mpendwa Agripina,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Mama na majirani wote wa hapo Liuli. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi. Mwezi huu ukungu unashuka mpaka mlangoni, nepi hazikauki, nazianika juu ya jiko zinashika moshi, kwa hiyo mtoto wenu ananuka kama samaki wa kubanikwa. Mwambie Mama, atafurahi. Glorious ameota jino moja la chini. Akinyonya ananiuma, halafu ananitazama kama mtu aliyeniuliza swali na anangoja jibu. Kidevu ni cha Mama kabisa.

Mama mkwe anawasalimu. Bado ananitania kuwa sisi watu wa ziwani tumelelewa kwa mihogo ndiyo maana siwezi kupanda mlima na ndoo. Namjibu kuwa wao wamelelewa milimani ndiyo maana wanaogopa kuoga. Tunaishi vizuri.

Sasa dada, kuna jambo. Shemeji yako Dastan ameleta gari nyumbani. Usipige vigelegele, bado halijawa gari. Limo ndani ya kreti la mbao.

Kule misheni alikuwepo Bruda mmoja Mjerumani, fundi. Aliagiza kwao gari la kuunganisha mwenyewe: vyuma, magurudumu, bodi jepesi kama beseni, na michoro ya kufuata. Injini haimo, unatafuta ya pikipiki unaifunga. Bruda akazeeka kabla hajafungua kreti, akarudishwa Ulaya, na vitu vya karakana yake vikauzwa. Unajua jinsi wanunuzi binafsi walivyoingia kwenye kahawa msimu uliopita, bei ikapanda. Kila mtu hapa kapata kitu chake: huyu bati, yule redio ya kaseti, mwingine mke wa pili. Mume wangu amenunua kreti. Injini ameipata kwenye pikipiki la bwana shamba wa zamani, lililokuwa likilaliwa na kuku.

Nikamwambia, "Baba Glorious, baiskeli si ingetutosha?"

Akasema, "Umesahau siku nilipokuja kwenu kuposa?"

Wewe unakumbuka, dada. Wajomba walivyomcheka, eti Mmatengo wa milimani kaja kuoa kwa miguu, jogoo kwapani, viatu mkononi visichakae. Ulikuwa utani tu. Mimi pia nilicheka, na yeye alicheka kuliko sisi wote. Kumbe aliuweka moyoni. Anasema mtoto wake ataonyeshwa kwa bibi yake akiwa ndani ya gari, na gari litasimama mbele ya wajomba.

Jambo likapelekwa kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kuamua mambo yao. Mimi kazi yangu ni kupeleka ugali na kurudi jikoni, lakini masikio hayafungwi mlango. Baba mkwe alisema, "Akijenga, ajenge. Ila safari ya kwanza iwe ya ukweni." Wote wakaitikia. Likishaitikiwa pale halina wa kulirudisha.

Dada, ninaogopa. Ule mteremko wa kushukia ziwani unaujua. Nilipoupita kwa lori nikiwa na mimba nilifumba macho mpaka nikasikia harufu ya maji. Lakini nisiseme uongo, asubuhi nikimwona amejiinamia kwenye vyuma vyake anapiga mluzi, naona raha pia. Labda litakuwa gari zuri. Usimwambie Mama habari hizi, atakosa usingizi.

Nisalimie kila anayeniuliza.

Mdogo wako,
Ottilia (mama Glorious)


Liuli, 18 Juni 1995

Mdogo wangu Ottilia,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa Mansuetus, yule mchuuzi anayepandisha usipa huko kwenu, imenuka dagaa lakini imesomeka. Sisi tupo. Usipa mwaka huu ni wengi mpaka kunguru wanachagua. Lile paa la jikoni limeezekwa upya. Mama anakusalimu. Jino limemfurahisha.

Hilo gari nimelisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Mwambie shemeji wajomba wamekwisha msahau jogoo, walimla siku ile ile, na hakuna hapa anayemdai gari. Mkwe hapimwi kwa magurudumu. Ukitaka kuja, njoo kwa lori la abiria wakati huu wa kiangazi, njia ikiwa kavu. Ukae siku uzitakazo. Lakini kama kahawa haijachumwa sitaki ugombane na wakwe zako. Mambo hapa hayana haraka.

Na hiyo injini ya pikipiki itavutaje watu watatu? Pikipiki lenyewe likibeba wawili linalia.

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, nimemsindikiza jirani. Wananiita, wacha niishie hapa.

Dada yako,
Agripina


Mbinga, 6 Agosti 1995

Dada mpendwa Agripina,

Shikamoo. Habari za huko, na jirani yako aliyekuwa hospitali amepona? Hukumtaja jina. Sisi ni wazima. Glorious anatambaa sasa, anakwenda kinyumenyume, akitaka kunifikia anazidi kuniacha, halafu analia. Tumechuma kahawa wiki nne, vidole vyangu vimekuwa vyeusi.

Dada, lile gari limesimama. Yaani lina magurudumu manne na usukani. Bodi lilikuwa limepasuka kwenye kreti, akaliziba kwa vipande vya bati, akalipaka rangi ya bluu iliyobaki walipopaka kanisa. Viti viwili, vimetoka kwenye kochi la mitumba. Injini imekaa nyuma, inazungusha magurudumu kwa cheni kama ya baiskeli ila nene. Likiwaka mbwa wote wanakimbia. Mimi nilikaa ndani likiwa limezimwa, nikamshika Glorious, nikajifanya ninakwenda Songea. Usinicheke.

Lakini halina rivasi. Pikipiki haina gia ya kurudi nyuma, basi na gari lake halina. Ukitaka kurudi, watu wanashuka wanalisukuma. Majirani wameliita Mbele kwa Mbele. Likipita vijana wanaimba, "Mbele kwa Mbele, nyuma kuna nini?" Dastan anacheka nao. Mama mkwe hacheki. Alisema, "Mimi hata mbuzi asiyejua kurudi nyuma simfugi."

Kinachoniogopesha siyo hicho. Unajua kabla ya kunioa alikuwa utingo wa lori la ushirika, chini ya dereva mmoja anaitwa Cleopa. Miaka ile mafuta yalikuwa hayapatikani, unakumbuka tulivyokuwa tukilala kiza? Cleopa alimfundisha kuwa mafuta ni ya kupanda, kushuka ni kwa Mungu. Akifika kwenye mteremko anaweka fri, yaani anatoa gia, anazima injini, lori linateremka lenyewe kimya mpaka chini. Siku hizi petroli ipo, inauzwa hata madukani kwenye chupa, lakini Dastan hajaacha. Hata kwenye huu mteremko mdogo wa mtoni anaizima. Nikimuuliza anasema, "Kwa nini nimpe Mwarabu hela ya kitu ambacho mlima unakipa bure?"

Nimeona jambo moja, dada, mimi nisiyejua magari. Injini ikinguruma gari linashikwa, linashuka kama mzee na fimbo yake. Ikinyamaza hakuna kinacholishika.

Breki zipo za nyuma tu. Za mbele hazikuwemo kwenye kreti, na michoro ni ya Kijerumani.

Mama mbona hajanitumia hata neno? Nilidhani atasema kitu kuhusu kidevu. Mwambie aseme chochote, hata matusi, uniandikie.

Wako,
Ottilia


Liuli, 10 Septemba 1995

Ottilia,

Salamu. Mansuetus anaondoka sasa hivi, naandika amesimama mlangoni, mguu mmoja kwenye baiskeli.

Usipande gari hilo. Siyo wewe, siyo mtoto. Nimemuuliza dereva wa padri hapa kuhusu kuzima injini mteremkoni, akashika kichwa kwa mikono miwili. Mwambie shemeji kwa upole, mwanaume akisemwa na mkewe mbele za watu anafanya lile lile ili aonekane hakusikia. Mwambie wakati wa kula, akiwa ameshiba.

Mama yupo. Mchana huu amelala kidogo. Kidevu amesema ni chake kweli.

Usije sasa. Kaa mpaka mwakani, baada ya mvua.

Agripina


Mbinga, 22 Oktoba 1995

Dada Agripina,

Shikamoo. Sisi wazima kabisa. Hapa ni kelele za uchaguzi tu, Jumapili ijayo tunapiga kura, magari ya vyama yanapita na vipaza sauti, Glorious anayachezea dansi. Anasimama kwa kushika kiti. Meno manne.

Mwandiko utauona umepinda, usijali. Nilijiunguza mkono kwa uji.

Gari linakwenda. Padri amelibariki. Watu wanaomba wapigwe nalo picha. Sina habari nyingine ya gari.

Hujasema kwa nini nisije mpaka mwakani. Mwezi Juni ulisema njoo, mwezi Septemba unasema kaa. Dada, mimi ni darasa la saba lakini nakujua. Wewe ukificha kitu unaandika mafupi.

Na mimi leo nimeandika mafupi. Basi tuko sawa.

Ottilia


Mbinga, 26 Novemba 1995

Dada,

Shikamoo, ingawa nimekukasirikia.

Mansuetus amefika juzi. Amepanda mlima kwa miguu akisukuma baiskeli, maana mvua imeanza na malori hayapiti. Nilimwekea ugali, nikamwuliza kama kawaida, "Mama yangu hajambo?" Akasema, "Anaendelea hivyo hivyo. Tangu Juni pale wodini, shemeji, mtu anachoka." Kisha akauona uso wangu, akaacha tonge mkononi.

Tangu Juni, dada! Kumbe jirani wa kwenye benchi ni Mama. Mimi huku naandika habari za meno na dansi. Mansuetus anasema miguu imevimba na pumzi zinakatika, na kwamba anamwita mtoto kwa jina, mtoto ambaye hajamwona. Ungeniambia Agosti ningekuja kwa lori, njia kavu, hata kahawa ioze shambani. Ulifikiri nini?

Na mimi nikwambie, tusifichane tena. Sikuungua kwa uji. Tulitoka kanisani, ule mteremko wa mtoni, akaizima. Breki ikatoa moshi, nikasikia harufu yake, halafu Dastan akawa anakanyaga na hakuna kitu. Tuliingia kwenye shamba la kahawa la watu, na mibuni ndiyo iliyotusimamisha. Niliporuka nje nilishika bomba la moshi nisianguke na mtoto. Glorious hakuumia hata kidogo, nakuapia. Dastan alilia. Tuliambizana tusimwambie mtu.

Sasa amesikia habari za Mama. Hakungoja sengu, hakungoja mtu. Alisema, "Mama yako ni mama yangu. Tunakwenda." Nikasema malori hayapiti. Akasema barabara imeliwa nusu na korongo, lori haliwezi, lakini gari letu ni jembamba, litapita kwenye nusu iliyobaki. Anatengeneza breki, tutaondoka wiki ya kwanza ya Desemba.

Ningesema nini, dada? Nikikataa gari, nimemkataa Mama. Kwa miguu na mtoto na mvua hizi ni mbali, na Dastan hatakubali. Nimemwomba asizime injini. Akasema, "Nimesikia." Hakusema, "Sitaizima."

Mansuetus atakuletea hii. Mwambie Mama tunakuja. Au usimwambie.

Ottilia


Liuli, 30 Novemba 1995

Mdogo wangu Ottilia,

Barua yako imefika leo mchana. Nimeisoma nimekaa chini uani, kuku wananipita.

Nilikuficha kwa sababu ya gari hilo. Barua yako ya kwanza ilifika Mama akiwa na siku chache wodini. Nikawaza, nikikwambia, utapakia mtoto kwenye kile kitu na kuteremka. Nikawaza, Mama atapona, halafu nitakwambia kama hadithi iliyopita. Hakupona, akawa hazidi wala hapungui, na kila mwezi nikaona sasa ni kuchelewa. Nilitaka nisizike watu watatu. Ndiyo hivyo. Nikitazama sasa, mimi ndiye niliyekungojesha mpaka mvua ikafunga njia na likabaki gari.

Sasa nisikilize. Usije. Nakuomba kwa magoti. Mama ana binti mmoja hapa, anatosha. Akiondoka, ataondoka akijua mpo. Mwambie shemeji kuwa ni mimi nimekataza, anichukie mimi. Mwambie wajomba wamemheshimu tayari. Mwambie chochote. Breki iliyoungua mara moja ni kama chungu kilichopasuka, ukikiziba kinashika maji baridi tu.

Nampa Mansuetus sasa hivi. Nimemwambia asilale njiani.

Agripina


Mbamba Bay, 8 Desemba 1995

Dada yangu Agripina,

Shikamoo. Kwanza ujue hili kabla hujasoma mengine: Glorious ni mzima, mimi ni mzima, Dastan yu hai.

Barua yako ya tarehe thelathini nimeisoma jana, hapa Mbamba Bay. Mansuetus alishikwa na malaria siku aliyofika hapa, amelala kwa shemeji yake wiki nzima, barua imo kwenye mfuko wa baiskeli. Alipotuona tunaingizwa zahanati alilia kama mtoto. Usimgombeze.

Tuliondoka Jumatano asubuhi. Mama mkwe alinipa maharage na chupa ya chai, akamshika Glorious miguu muda mrefu. Njia ya juu ilikuwa nzuri. Gari lilipanda vilima vizuri, watu walikuwa wanatupungia, Dastan akawa anapiga honi mpaka kwa mbuzi. Nilicheka, dada. Nilisema moyoni labda niliogopa bure.

Halafu tukafika pale juu ambapo ziwa linaonekana. Nilitokwa machozi kwa kuliona. Na kwa pembeni ya jicho nikaona mkono wake unakwenda kwenye ufunguo.

Nikasema, "Baba Glorious, simama, mtoto anataka kutapika."

Akasimama. Nikashuka, nikamfunga Glorious mgongoni kwa khanga mbili, nikaanza kutembea mbele ya gari, katikati ya njia.

"Unakwenda wapi?"

"Ziwani."

"Panda!"

"Nitapanda kule chini tambarare."

"Ottilia, watu watasema nini?"

"Watasema mke wa Dastan anatembea."

Akapiga honi. Akanitukana kidogo, halafu akanibembeleza. Mimi natembea tu. Sikuwa na ujasiri, usidhani. Nilikuwa nimewaza hivi: njia ni nyembamba, hawezi kunipita, na hawezi kumkanyaga mwanawe. Basi itabidi aje kwa mwendo wangu, gia ya kwanza, injini ikiwaka. Sikuweza kumkatalia nyumbani, sikuwa na neno kwenye sengu, nilikuwa na mgongo tu na mtoto juu yake.

Na akaja hivyo. Gari lilikuwa likikoroma nyuma ya visigino vyangu, na kadiri lilivyokoroma nilishukuru. Sikugeuka. Nilikuwa natembea kwa masikio. Kwenye kona moja tulikuta akina mama wanapandisha kuni. Mmoja akasimama, akatua mzigo makusudi ili acheke vizuri. "We shemeji! Gari la kukokotwa na mwanamke? Kwenu ng'ombe wamekwisha?" Mwingine akasema, "Mwache, anamfundisha gari njia." Nilijua sikio la Dastan limewaka moto. Niliona huruma, nikakaza mwendo kidogo, lakini sikupisha.

Tukapita pale njia ilipoliwa na korongo. Alipita, dada, kwa kweli alipita vizuri, gurudumu moja hewani kiasi cha kiganja. Ni dereva mzuri mume wangu.

Baada ya hapo gari likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Nilidhani ameizima kwa hasira. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie neno baya ambalo sijawahi kumwambia. Ndipo nikasikia mawe yanapondwa na matairi, na hakuna sauti nyingine yoyote.

Mafuta yalikuwa yamekwisha. Alikuwa ameyapima kwa kipimo cha Cleopa, ya vilima vya kupanda tu, kwa sababu kwa hesabu yake huku chini mlima ungetupeleka bure. Na mimi nikayamaliza kwa kumburuza gia ya kwanza saa nzima. Lingebaki kwenye gia lingeshikika hata bila mafuta, ameniambia mwenyewe akiwa amelala pale njiani. Lakini injini ilipokata, mkono ulifanya ulichozoea, ukaweka fri. "Mkono, Mama Glorious," alikuwa akisema. "Mkono ulifanya wenyewe."

Niligeuka. Kushoto kwangu korongo, kulia ukuta wa mlima. Gari linakuja kimya na moshi wa breki unatoka chini yake. Hakupiga kelele. Aliniangalia, hapana, siyo mimi, alikuwa anaangalia miguu ya Glorious iliyotokeza kiunoni kwangu huku na huku. Akakata usukani wote, akaligonga gari kwenye mlima.

Glorious alikuwa amelala. Hakuamka mpaka nilipopiga yowe.

Wale wale wa kuni ndio waliokuja wakikimbia. Hakuna aliyecheka. Walikata miti, wakavua khanga zao wakafunga machela, wakaita waume zao mashambani, wakambeba kwa zamu mpaka hapa. Mguu umevunjika chini ya goti, na bega. Mganga wa zahanati amemfunga, anasema mguu utaunga lakini asitikisike siku nyingi. Gari tumeliacha limeingiza pua mlimani. Haliwezi hata kujitoa lenyewe.

Dada, ninakaa naye, namlisha uji kwa kijiko, mtoto huku na baba huku. Ananiomba msamaha na mimi namwomba msamaha. Sijui kama nilimwokoa au nilimvunja. Ningepanda, labda tungekuwa korongoni wote watatu. Ningepanda, labda mafuta yangetosha na tungekuwa tumekwisha fika kwa Mama. Nalizungusha usiku na mchana. Wewe uliyeficha kwa kuogopa, niambie, mtu anajuaje kama woga wake ni wa kweli?

Siwezi kumwacha, na siwezi kutokuja. Mansuetus amepata nafuu, anasema ataendesha baiskeli kwa ufukweni taratibu mpaka kwenu. Mrudishe na jibu. Usinifiche. Ukiandika mafupi nitajua.

Mdogo wako,
Ottilia


Liuli, 9 Desemba 1995, jioni

Ottilia,

Sikusalimu, tutasalimiana kwa mikono. Hii ni fupi lakini usiogope ufupi wake, ni haraka tu.

Mama yu hai. Nimemsomea barua yako yote pale kitandani, sikuruka mstari, hata ule wa mkono uliofanya wenyewe. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Aliyevunjika hatikiswi. Basi mimi nitikiswe." Nikadhani homa imempanda. Akasema tena, akataka kitenge chake cha kutokea.

Muuguzi amesema angalau angoje siku mbili. Mama amemwambia, "Mwanangu, nimekwisha ngoja, muulize huyu," akaninyooshea mimi kidole. Kesho alfajiri wajomba wanambeba na kitanda chake mpaka kwenye boti ya injini, tunakuja kwa maji kandokando ya ufuko. Mansuetus anatangulia na barua hii.

Umeniuliza mtu anajuaje. Sijui, mdogo wangu. Naogopa sasa hivi kuliko ulivyoogopa pale juu. Pumzi yake ni fupi mno, na sijui kama atafika akiwa anaweza kusema. Lakini safari hii sifichi, na simzuii.

Ukiipata hii, mwache shemeji na mganga, mteremke ufukweni wewe na mtoto. Usisimame penye watu wengi. Mvue Glorious kofia, uso uwe wazi. Mama siku hizi haoni mbali. Ukiona boti inakata maji kuja, mnyanyue juu, na usimshushe mpaka nikupungie.

Agripina